Siku ya Mechi Imeangukia Siku ya Maji

Jumamosi, Agosti, Gendabi. Upepo ni mkavu na wa baridi, na mlima umejifunika wingu mpaka mabegani.

Leo saa kumi jioni timu yetu inacheza na Gehandu. Kwa mtu asiyekaa huku hilo ni jambo dogo. Uwanja wetu una mteremko, magoli ni ya miti, na mbuzi huvuka wakati wowote wanaotaka. Lakini kwangu mimi, mwalimu mstaafu niliyeletwa huku na kazi kutoka Njombe nikiwa kijana, nikakosa sababu ya kurudi, siku ya mechi ni sikukuu. Mchezo wenyewe ni dakika tisini tu. Siku nzima inayoutangulia ndiyo ndefu, na nimejizoeza kuifaidi yote.

Kwa hiyo nimeamka mapema, nimevaa koti langu la kahawia, nimebeba ndoo ya majivu kutoka jikoni. Mke wangu ameniangalia akasema, "Majivu yote hayo, na mimi sufuria nisugulie nini?" Nimemwambia leo sufuria zipumzike. Hakucheka.

Majivu ni ya kuchorea mistari. Chokaa hatuna. Mstari ulionyooka ni rahisi, mtu yeyote anaweza. Kazi ipo kwenye duara la katikati. Unachomeka kijiti, unafunga kamba, unaivuta mpaka ikaze, halafu unazunguka taratibu ukimwaga majivu. Siri ni kamba kukaza wakati wote. Ukiilegeza kidogo tu, duara linageuka yai.

Nilikuwa nimefika nusu ya duara Paskali alipokuja. Paskali ndiye nahodha wetu, mkulima, kijana wa maneno machache.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Mbona sura hiyo?"

"Gwandu haji."

"Anaumwa?"

"Haumwi. Leo ni siku yao ya maji, na zamu yao ni jioni."

Duara langu likawa yai.

Nieleze, maana wanaosoma hapa wengine wako mbali. Kiangazi, ng'ombe wa familia za wafugaji hawanywi kila siku. Leo wanapelekwa kisimani, kesho wanakwenda malisho ya mbali, keshokutwa tena kisimani. Na pale kisimani kila familia ina zamu yake. Ukiikosa unakaa pembeni na mifugo yenye kiu mpaka wengine wote wamalize, na hapo maji yenyewe yamebaki tope. Kwa hiyo hakuna anayeikosa. Gwandu ni kipa wetu, na ndiye anayechunga ng'ombe wa baba yake. Kaka yake ni mlinzi Dar es Salaam. Baba ana mguu mbovu.

Sasa nisikilizeni vizuri. Kamati iliyopanga siku ya mechi mwenyekiti wake ni mimi. Tuliuliza kama kuna mnada Katesh. Tuliuliza kama kuna harusi. Tulimuuliza hata katekista. Hakuna aliyeuliza ng'ombe wanakunywa lini.

Tulikuwa walimu na wakulima watupu mezani.

Hilo limeniuma kuliko nilivyoonyesha mbele ya Paskali. Bila kipa tutafungwa, na kufungwa si kitu, nimeshafungwa sana. Ninachoogopa ni maneno ya baadaye. Mwaka jana ng'ombe wa baba yake Gwandu, Mzee Gidahoda, waliingia kwenye mbaazi za huyuhuyu Paskali. Mambo yakafika ofisi ya kata, na kwa muda mrefu watu wa pande hizi mbili wakawa wanapishana njiani bila salamu. Timu hii ndiyo iliyowarudisha kusalimiana. Gwandu asipoonekana uwanjani leo, wakulima watasema, "Si tulisema? Hawa si watu wa kutegemea." Na wafugaji watasema siku ilipangwa makusudi. Kila upande utakuwa na ushahidi wake, na ushahidi wa pande zote mbili nimeutengeneza mimi.

Niliacha ndoo palepale tukaenda.

Tulimkuta Mzee Gidahoda amekaa kwenye kigoda nje ya boma, mguu ameunyoosha. Gwandu alikuwa amesimama kwenye lango la miiba, fimbo mkononi, shuka amejifunga vizuri. Akaniamkia. Mbele ya baba yake hakutaja mpira hata kidogo.

"Mwalimu," akasema mzee, "umekuja kumchukua mtoto wangu."

"Nimekuja kuomba, Mzee."

"Huo mpira wenu una maziwa?"

"Hauna."

"Una nyama?"

"Ni ngozi tu. Na siku hizi hata ngozi yenyewe si ya kweli."

Akacheka, lakini macho hayakucheka. "Ningewapeleka mwenyewe. Lakini mguu huu haukimbii. Na pale kwenye mbaazi za huyu," akamwonyesha Paskali kwa kidevu, "akiingia mmoja tu, nitaitwa ofisini tena."

Paskali akaangalia viatu vyake.

Hapo nikasikia mdomo wangu ukisema, "Nitakwenda na wewe mimi."

"Wewe? Mwalimu, wewe ng'ombe unamjua akiwa kwenye sahani."

"Kweli. Lakini miguu yangu ni mizima."

Alinitazama muda mrefu, kuanzia koti mpaka viatu nilivyovipiga rangi kwa ajili ya mechi. "Basi utatembea upande wa mbaazi," akasema. "Usiwapige. Usiwapigie kelele. Wewe kuwa ukuta tu."

Ndipo Gwandu akafungua mdomo. "Mwalimu, yule mwekundu aliyevunjika pembe. Mwangalie huyo. Wengine humfuata yeye." Kisha akapitisha mkono ndani ya shuka, akatoa glavu zake. Alikuwa nazo muda wote.

Walipoondoka na Paskali, wakitembea haraka kama watu wanaoogopa kuitwa nyuma, ndipo nikaelewa nilichofanya.

Mechi sitaiona.

Wiki nzima nilikuwa nimeipanga siku hii: mistari asubuhi, chai kwenye kibanda cha karibu na uwanja, ubishi na wazee wa Gehandu, kisha mahali pangu karibu na goli la upande wa barabara. Badala yake nilikuwa nyuma ya mikia, navuta vumbi, na moyo unapiga mbio kuliko siku yoyote ya mechi ninayoikumbuka.

Njia ya kwenda kisimani inapita pembeni kabisa ya shamba la Paskali. Mahindi yameshavunwa, lakini mbaazi bado zimesimama, zimebeba, kijani pekee kilichobaki kwenye bonde lote. Uzio hakuna. Kati ya ng'ombe mwenye kiu na kijani kile kulikuwa na mimi tu.

Yule mwekundu alisimama. Akageuza kichwa, akanusa upepo, akapiga hatua moja kuelekea kwangu. Nilinyoosha mikono pande zote mbili. Sikupiga kelele. Nilikuwa nimekatazwa, na ukweli ni kwamba hata sauti sikuwa nayo. Pumzi yake ilinifikia kifuani kwenye koti. Nikawaza jambo moja tu, la kijinga: sasa najua Gwandu anavyojisikia kwenye penalti.

Mzee akapiga mluzi kutoka nyuma, mrefu, wa chini. Mwekundu akanitazama tena, kana kwamba ananiweka kwenye kumbukumbu, akarudi njiani. Wengine wakamfuata.

"Umeokoa, Mwalimu!" mzee akapaza sauti.

Neno hilo amelitoa wapi, mtu ambaye hajawahi kukanyaga uwanjani?

Naandika haya nikiwa nimekaa juu ya jiwe karibu na kisima. Mtandao haushiki. Nitayaweka kwenye blogu nikifika nyumbani. Zamu yetu imefika, wanakunywa. Saa kumi imepita. Kule nyuma ya kilima watu wangu wanacheza kwenye mistari niliyoichora mwenyewe, na kwenye duara ambalo nusu yake ni yai, na mimi sijui lolote. Nimeitazama simu mara nyingi kiasi kwamba Mzee Gidahoda ameniuliza kama nina mgonjwa hospitali.

Muda mfupi uliopita upepo uligeuka, ukaleta kelele.

Mzee alikuwa katikati ya mluzi. Akaukata. Akapanda juu ya kichuguu kwa ule mguu wake mbovu, akiegemea fimbo, akasimama ameelekea uwanjani.

"Ni goli?"

"Huenda."

"La nani?"

"Kwa hapa siwezi kujua, Mzee."

Akafikiri. "Kipa akidaka, watu hupiga kelele?"

"Hupiga."

"Basi amedaka," akasema, akashuka, akarudi kwa ng'ombe wake, na mluzi uliofuata ulikuwa na mbwembwe ambazo wa kwanza haukuwa nazo.

Nimekaa pembeni ya viwanja tangu ujana wangu. Najua kwamba kelele ya kudaka hukatika upesi, mtu anashusha pumzi na mchezo unaendelea. Kelele ya goli ni ndefu, watu wanakimbia nayo. Hii ilikuwa ndefu. Huenda goli ni letu. Huenda ni lao, na saa hii Gwandu anaokota mpira kwenye majani nyuma ya goli, na mtu mmoja kando ya uwanja ameshaanza kusema yale ninayoyaogopa.

Mimi ninayeeleza kila kitu, hata kwa wasiouliza, hili sikumweleza mzee.

Jua limeanza kushuka na upepo umezidi. Mwekundu ameinua kichwa kutoka kwenye maji, mdomo unadondosha matone, na ananitazama. Kiu imekwisha. Sasa ana njaa, na njia ya kurudi ni ileile.

Nafunga vifungo vya koti. Mzee ameshaniita nishike upande wangu. Je, ukuta huu utasimama mara ya pili?