Hatua Saba Kutoka Ukutani

Mjukuu wangu Zamu,

Sisi wa Kawempe tuko. Bibi yako miguu inamsumbua, lakini mdomo mzima.

Unauliza: programu iking'ang'ania anwani moja kwenye kumbukumbu ya kompyuta, kiini cha mfumo unachoandika, kile kinachogawa nafasi, kiipe tu? Umesema kilichokuwepo hapo hufutwa kimyakimya.

Baada ya vita nilichimba makaburi. Wengi walikuwa wamezikwa bila alama, kwa hiyo kabla ya kuchimba tulimuuliza mama mmoja jirani, aliyekumbuka kila mtu alipolala. Siku moja mzee alitaka mwanawe azikwe ubavuni mwa mama yake marehemu, hapo hapo, si pengine. Yule mama jirani alikuwa amekwenda Mulago kutibiwa. Sikumsubiri. Jembe likatoa kipande cha gauni la mtoto. Nikanyamaza, nikaendelea kuchimba.

Baadaye akaja mwanamke kutoka Luzira. Alihesabu hatua saba kutoka ukutani, akasimama juu ya kaburi la mwanawe yule mzee.

"Wangu mmempeleka wapi?"

Kiini chako kiulize kwanza, Zamu. Kikikuta pana mtu, kikatae, na kiseme wazi kwamba kimekataa.

Mimi yule mwanamke nilimwambia amekosea kuhesabu. Akarudi ukutani, akaanza upya.

Babu yako