Karatasi za Namba Thelathini na Moja

3 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Shemeji hajambo, na ule mgongo wake? Sisi wazima, goti langu tu ndilo linajifanya limezaliwa kabla yangu. Barua hii nimempa dereva wa kliniki, yule anayewaletea boksi la barafu kila Jumatatu. Ukiwa kazini simu hupokei, ukitoka kazini umechoka, basi bora karatasi. Hata tulipokuwa wadogo ulikuwa hivyo hivyo, mtu wa kuitwa mara tatu.

Leo Chiriku amefungwa nyaya za meno. Unajua binti yangu anavyoongea. Basi tangu asubuhi kimya, nikadhani nimebadilishiwa mtoto. Daktari anasema yale meno ya mbele yaliyopandana yatakaa sawa ndani ya miaka miwili. Ana miaka kumi na minne na sijawahi kumwona akicheka bila kiganja mdomoni. Mimi sitaki kingine, dada. Nataka acheke bila kujiziba.

Halafu daktari akamchomekea vikaratasi vyembamba kati ya jino na ufizi, akahesabu sekunde thelathini, akavitia kwenye vichupa. Anasema vinakuja maabara kwenu. Unaona nini humo? Kuuliza si ujinga.

Mdogo wako


10 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Bado unaandika kama mtu anayekimbizwa. Shemeji yako mzima, mgongo wameshazoeana.

Vikaratasi vinakuja kwangu, kweli. Jino likisukumwa na waya, mfupa unaolishika huliwa upande mmoja na kujengwa upande wa pili, ndipo linasogea. Hiyo ni kawaida. Ila kwa watu wengine mwili unakosea, unaacha mfupa na kula mzizi wa jino lenyewe. Hauumi. Mtu hajui mpaka picha ya eksirei ionyeshe mzizi umebaki kisiki, na maji yakimwagika hayazoleki. Sasa, mzizi unapoliwa, chembe za protini yake hutoka na ule unyevu wa ufizini. Karatasi inaunywa, mimi napima. Protini ikipanda tunamwandikia daktari, analegeza waya, jino linapumzika miezi mitatu na mzizi unapona. Utafiti wetu wote ni huo, kujua kabla ya picha.

Nina mambo mawili. Mimi sioni majina, naona namba, na nimetia saini kwamba sitatafuta namba ni ya nani. La pili, ndugu wa wafanyakazi hawaruhusiwi kuingia kwenye utafiti. Nilikushawishi umpeleke kwa sababu huko anaangaliwa kwa karibu kuliko kwingine kokote, kwa hiyo usimwambie mtu kwamba tumezaliwa tumbo moja.

Na mwambie Chiriku kinywa kiwe safi. Karatasi chafu zinanisumbua.

Dada yako


9 Juni

Dada yangu,

Shikamoo, na habari za siku nyingi. Huku salama. Nimepata kazi ya kushona sare za shule mbili kwa mpigo, cherehani inalalamika kuliko mimi.

Meno yanasogea jamani, yanaonekana kwa macho. Juzi Chiriku alicheka na jirani pale mlangoni, mkono ulianza kupanda, halafu akausahau njiani. Nilijifanya naokota sindano.

Wala usiwe na wasiwasi na usafi, tangu uliponiambia sijafanya mchezo. Kila asubuhi ya kliniki namsimamia mwenyewe na mswaki mgumu, robo saa nzima, mpaka anatema mate mekundu. Akilalamika namwambia leo karatasi zinakwenda kwa mama mkubwa, hutatuaibisha. Leo pia tumesugua kabla hatujatoka. Daktari anasema maabara haijaandika lolote baya, kwa hiyo amekaza waya tena.

Mbona kimya? Andika hata mistari miwili.

Mdogo wako


20 Oktoba

Dada,

Shikamoo. Hatujambo, kwa kusema tu. Nilikuandikia Julai, nikakuandikia Septemba, dereva anarudi mikono mitupu. Nikasema labda una kazi nyingi.

Ijumaa Chiriku alipigwa eksirei, ile ya katikati ya matibabu. Daktari aliiinua kwenye mwanga, akaenda kumwita mwenzake. Ni meno manne ya mbele, ya juu. Mizizi haifiki nusu, na miwili imebaki kama mbegu ya chungwa. Alikuwa ananionyesha kwa ncha ya kalamu nami naitikia ndiyo, ndiyo, kama mtu anayeonyeshwa kitambaa dukani. Nyaya zimetolewa siku hiyo hiyo. Asing'ate kitu kigumu, asigongwe mdomoni. Yanaweza kukaa miaka mitano, yanaweza kukaa kumi, kisha yataanguka. Kwa sasa yamenyooka, mazuri sana.

Sijalia. Nilirudi nikashona mashati sita, na kola zote zimekaa vizuri. Nimekufa ganzi, dada, sisikii kitu. Chiriku hajui. Nimemwambia amemaliza mapema kwa sababu ni hodari. Anazunguka nyumba nzima anacheka mdomo wazi, anaongea mpaka baba yake anaomba radhi.

Nieleze jambo moja. Miezi saba ya vikaratasi. Vilisema nini?

Mdogo wako


27 Oktoba

Mdogo wangu,

Marahaba, na pole. Nimeandika pole mara nne na kuikata, sijui iende wapi kwenye sentensi.

Sasa namba yake imefunguliwa rasmi, ni thelathini na moja. Karatasi za Machi zilikuwa safi na kipimo kilikuwa cha kawaida. Baada ya hapo hakuna kipimo. Utaratibu wetu ni kwamba karatasi ikija na wekundu, hata wa mbali, haipimwi, maana damu ina protini zake na inatudanganya. Naiwekea alama kwenye daftari, naitupa kwenye ndoo ya njano, na kwenye fomu ya daktari nafasi inabaki wazi. Kumbe kliniki wakikuta wazi wanaelewa kwamba hakuna tatizo. Hatukuwahi kuulizana. Hilo sasa linarekebishwa.

Ufizi ukisuguliwa kwa nguvu unachubuka. Nadhani damu ilitoka hapo. Barua yako ya Juni ilieleza, lakini ilichelewa kunifikia, nilikuwa kwenye mafunzo, niliikuta baadaye sana.

Usijilaumu. Ulifanya kama mama yeyote.

Dada yako


1 Desemba

Dada,

Tupo.

Mwezi mzima nimekuwa nikiutazama mkono wangu wa kulia. Ndio ninaoshonea, ndio ulioshika mswaki. Baba Chiriku halizungumzi. Anauliza chumvi iko wapi, nampa. Nilikuwa nakula, nalala, napokea vipimo vya wateja, na ndani hamna kitu. Uliniambia nisijilaumu, nikaona hilo ndilo neno analoambiwa mwenye kosa.

Jumapili nikaona siwezi kumficha mtoto zaidi, mficha maradhi kifo humuumbua. Nikamkalisha nikamweleza yote: mizizi, vikaratasi, damu, mswaki, na kwamba aliyekuwa akivitupa ni wewe. Alisikiliza mpaka mwisho, yeye ambaye hamwachii mtu amalize sentensi. Alikuwa anayapapasa meno kwa ulimi. Akasema, "Mama, wewe hukujua." Kisha akauliza, "Mama mkubwa alijua lini?"

Nikamwambia barua ilichelewa. Akasema barua hupelekwa na dereva siku hiyo hiyo, itachelewaje?

Nimemuuliza dereva. Anasema barua zangu zote alikukabidhi mkononi. Ile ya Juni anaikumbuka kwa sababu uliisoma umesimama mlangoni, ukamwacha na boksi mikononi mpaka likamchoma kwa baridi. Mimi naweza kumjibu Chiriku mwenyewe, lakini sitaki. Ameuliza swali moja tu, na tangu siku hiyo haongei. Andika jibu nimsomee.

Mama Chiriku


8 Desemba

Mdogo wangu,

Msomee hivi.

Nilijua tarehe tisa Juni, kabla ya chai ya saa nne. Kati ya namba arobaini, moja tu ilikuwa inakuja nyekundu kila mwezi. Nilikuwa nimeshatupa za Aprili na za Mei. Niliposoma habari ya mswaki nikajua ni nani. Nikapokea boksi, nikafungua kichupa cha thelathini na moja, karatasi zilikuwa nyekundu tena. Nikaweka alama, nikatupa.

Hakuna aliyenikataza kukuandikia mstari mmoja, kwamba asisugue kwa nguvu asubuhi ya kliniki. Mstari huo haukuvunja sheria yoyote. Lakini ungeniuliza sababu, nami ningelazimika kusema nimeshatupa miezi miwili ya mtoto wako, na kule kazini ningelazimika kusema nilimwingiza ndugu yangu kwa siri. Niliogopa. Nikajiambia nisubiri mwezi mmoja, ufizi huenda ukapona wenyewe. Julai nikajiambia hivyo tena. Agosti sikujiambia kitu, mkono ulishazoea. Septemba vilevile. Barua zako mbili sikuzifungua. Mafunzo hayakuwepo.

Leo asubuhi mkuu wa maabara nimempa maelezo kama haya kwa maandishi. Amesoma, ameniambia niache funguo mezani. Mengine sijui na sijauliza.

Usimwambie nilikuwa na huzuni, maana sikuwa nayo. Siku ile nilikula chakula cha mchana, nikapima namba nyingine zote kwa uangalifu, zikatoka vizuri, nikaenda nyumbani. Huzuni imeanza wiki hii, nayo haimsaidii.

Ule mkono wako wa kulia uache ushone. Ulikuwa unafanya nilichokuagiza. Chiriku akitaka kujua kama ingewezekana kuyaokoa, mwambie ndiyo. Daktari anaweza kusita kusema, mimi ndiye niliyekuwa nashika vile vichupa. Ningekuandikia mstari ule Juni, angezeeka na meno yake.

Dada yako