Ndege Yako Ilivyovuka Tana

Garissa, Desemba 1997

Kaka Athumani,

Assalaam aleikum. Injini ni nzima. Naanza na hilo kwa sababu nakujua: bila kulisikia, salamu zote zingekupita. Sasa niambie, mgongo wa Mama unaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyompa dereva wa basi ilifika? Shemeji Mwanaisha amekwisha jifungua au bado? Simu hapa zimekufa tangu barabara ilipokatika. Barua hii anaichukua rubani wa ndege ya misaada, na wewe ukitaka kunijibu tafuta mtu anayekuja huku kwa njia ya hewa.

Mimi sijambo. Niliugua malaria, nimepona. Sukari imeadimika, chai tunakunywa na tende mdomoni. Habari za mafuriko nimeziandika mpaka maneno yamechakaa, na sijui ngapi zimefika kwa mhariri. Nitakuandikia ya ndege yetu ndogo ya rimoti.

Mchoro wako niliufuata, isipokuwa mahali pawili. Miti myepesi uliyonitumia ilitosha kiwiliwili na mkia tu, kwa hiyo mabawa tuliyakata kutoka maboksi meupe ya povu gumu yanayoletewa chanjo hospitalini, kwa waya uliopashwa moto na betri ya gari. Nasema "tulikata" kwa sababu ya Gure. Huyu ana studio ya picha sokoni, na redio za mji mzima zinaletwa kwake zikikohoa. Bawa la kwanza alilipaka gundi ya viatu, kisha akaniita kwa sauti ya kuamsha mtaa.

"Warya Omari! Kuja uone, bawa yako inakunywa gundi kama ngamia!"

Tukasimama tukilitazama likiyeyuka. La pili tuliligandisha kwa gundi nyeupe ya maseremala, tukalivika karatasi ya kaki.

Mahali pa pili nilipouacha mchoro wako ni tumboni. Hapo ilinibidi nipate nafasi ya kamera, na sababu yake ni mwenye nyumba wangu, Mama Sahara.

Mumewe, Mzee Bare, alifia shambani kwake ng'ambo ya mto, mvua zilipokuwa zikianza. Waliokuwa naye wakamzika huko huko, siku ile ile. Mama Sahara hakuwahi kufika. Tangu hapo amekaa eda, nguo nyeupe, hatoki nje ya nyumba. Sheria zake unazijua. Wana wake wa kiume wako Banissa na hakuna gari linalotoka huko. Kisha Tana ikavunja kingo, mashamba yakafunikwa, na kila aliyekuja na mtumbwi akaja na habari yake. Mmoja alisema makaburi ya upande ule yote yamekwenda na maji. Mwingine alisema yapo. Niliwauliza mmoja mmoja, mbali mbali, kama nifanyavyo kazini. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amefika mahali penyewe.

Mama Sahara alikuwa amezisikia zote. Bintiye, Sahara, ambaye ni muuguzi, aliniambia mama yake ameacha kula chakula cha jioni, anauliza tu maji yamefika wapi. Siku moja nikiwa uani napima uzito wa mkia, akaniita kutoka nyuma ya pazia.

"Omari, hiyo kitu yako inalia kama nyuki, inaenda mbali?"

"Inaweza kuvuka mto, Mama Sahara."

"Iko na macho?"

"Haina."

"Wewe kazi yako ni picha na maneno. Maneno mimi nimeshiba. Huwezi kuipatia macho?"

Nikamwambia nitajaribu, na kwamba nikipata picha nitamletea kama ilivyo, hata ikiwa mbaya. "Lete hiyo hiyo," akasema.

Kwa hiyo ile kamera yangu ndogo, inayojivuta filamu yenyewe, niliilaza chini ya mabawa, palepale ndege inapojisawazisha, ikichungulia chini kwa tundu. Ile mota ndogo uliyonitumia ya akiba ndiyo inayobonyeza kitufe. Uzito uliongezeka, nikapunguza tangi la mafuta. Najua unatikisa kichwa.

Mkubwa wa polisi nilimpa habari mapema, maana katika mji huu kitu kikiruka bila kujulikana kinaweza kupigwa risasi. Akaja mwenyewe na askari wawili, akaizunguka ndege mikono nyuma.

"Inabeba nini?"

"Kamera, afande."

"Inampiga picha nani?"

Kabla sijafungua mdomo, Gure akadakia: "Maiti, afande."

Ikabidi nianze maelezo upya. Afande alipokwisha kuelewa hakucheka. Alisema tu, "Ikianguka ng'ambo, utaifuata mwenyewe," kisha akampa Gure darubini yake.

Tuliirushia kwenye lami karibu na daraja, ambayo haina gari siku hizi. Ilikimbia, ikainuka bila kusumbua, ikashika mto. Sahara alikuwa ameambiwa na waliomzika baba yake kwamba kaburi liko ubavuni mwa kibanda cha pampu chenye paa la bati, na kwamba waliliziba kwa miiba fisi wasilifukue. Basi nilitafuta bati. Lakini ndege ilipopita ukingo wa pili ilikuwa ndogo kama nzi, sikujua inakuja au inakwenda. Nikafanya ulivyonifundisha Mtongwe: nikageuza mwili uelekee inakoelekea ndege, nikaitazama kupitia begani, na mkono wa kulia ukawa tena wa kulia. Gure alikuwa na darubini machoni, akinipigia kelele sikioni.

"Kushoto! Kushoto kidogo, walaal! Hapo! Piga! Piga!"

Nikabonyeza mpaka filamu ikaisha. Nilipoigeuza kurudi, injini ikazima juu ya maji. Mafuta. Watu waliokuwa wamekusanyika kutushangilia wakakimbilia ukingoni. Kaka, ile pembe ya mabawa uliyoisisitiza kwenye kila barua, mpaka nikachoka kuisoma, ndiyo iliyoileta. Ilishuka taratibu, imenyooka, bila mimi kuigusa, ikavuka maji yote na kuingia kwenye kichaka cha mathenge upande wetu. Bawa la kushoto limekwisha. Mkia umepasuka. Injini, kipokezi cha rimoti na kamera ni nzima. Afande aliingia mwenyewe kwenye miiba kuitoa, akachanika shati.

Gure aliisafisha filamu mchana ule ule. Picha nyingi ni maji na ncha ya bawa. Moja ilitoka. Imelala upande na ukungu uko pembeni, lakini paa la bati linaonekana, na ubavuni mwake duara jeusi la miiba juu ya ardhi kavu. Maji yako karibu, karibu sana, lakini hayajafika. Gure aliikuza hadi ukubwa wa daftari, akakataa malipo, akaniambia niondoke kabla haijakauka.

Nilimpa Sahara, akaipitisha nyuma ya pazia. Mimi nikabaki uani. Nilimweleza Mama Sahara ninachoweza kuthibitisha: hiyo ni picha ya leo asubuhi, ya kesho siijui. Ndipo nilipokumbuka jambo ambalo ningepaswa kulijua tangu mwanzo. Kwa mara ya kwanza alikuwa analiona kaburi la mumewe.

Baada ya muda nikamsikia anacheka, kicheko kidogo cha puani.

"Miaka yote namwambia, Bare, hii mashine ya maji ndiyo bibi yako mkubwa. Ona sasa. Wamemlaza na yeye."

Sahara naye akacheka, halafu akalia. Mama yake akamnyamazisha, akaniuliza: "Omari, kwa hii picha, mji uko wapi?"

"Upande wa mashariki. Mkono wako wa kulia, kama paa liko juu."

Alipiga hesabu ya kibla, nami nikaipiga pia, kwa kuwa kazi yangu ni kuhakikisha. Maiti hulazwa ubavu wa kulia, akielekezwa kibla. Kwetu hapa kibla ni kaskazini, na anayelazwa hivyo kichwa chake huwa mashariki.

"Basi kichwa kiko huku kwetu," akasema. Kisha akamwambia Sahara awashe jiko.

Tangu juzi maji yanashuka. Ramadhani iko mlangoni na sitaweza kuja kufunga nanyi. Mwambie Mama hivyo polepole, akiwa ameketi. Msalimie shemeji, na mtoto kama amekwisha fika. Msalimie binamu yetu wa Likoni aliyefunga lile boksi la vifaa. Hakuna kilichovunjika njiani. Nitumie miti myepesi ya bawa moja ukiweza. Mama Sahara hajakuona, lakini nikipita uani alfajiri nasikia jina lako kwenye dua yake, mara tu baada ya la Bare. Anakuita kwa Kisomali: Isman.

Nduguyo,
Omari