Rejeta Uliyoiacha Darini

Kaka Aloyce,

Leo ni Jumapili mchana. Magari bado hayaruhusiwi barabarani Jumapili mchana, kwa hiyo gari lako limelala chini ya migomba, na mimi nimeleta kigoda nikakaa karibu nawe. Udongo wako umeshuka kidogo tangu masika. Mama anasema tuuongeze kabla mvua za vuli hazijaanza. Nimekuja na karatasi kwa sababu kusema kwa sauti siwezi, unanijua. Majirani wangesikia.

Mama ni mzima. Naanza na hilo usije ukahangaika. Muda huu yuko jikoni anamenya ndizi za mtori, na nimemsikia akimgombeza mbuzi. Akianza kugombeza mbuzi ujue amepona.

Lakini hakuwa mzima. Lile tumbo ulilokuwa unamwambia kila siku aende likaangaliwe, baada ya wewe kuondoka lilizidi. Akashushwa mjini kwa pikapu ya parokia. Njia nzima alikuwa ameuma pindo la kanga ili asilie mbele ya Padri. Akapasuliwa. Mimi nilikuwa napita hospitalini kila nikitoka ofisini, na kila nilipofika kwenye mlango wa wodi nilisimama kwanza nje nikitafuta kitanda chake kwa macho, kwa kuogopa nitakikuta kitupu. Kwako nilikikuta kitupu, Kaka. Nilikuja na chungwa mkononi.

Siku moja daktari aliniita, akasema juma lijalo Mama anaweza kurudi nyumbani, ila asitikiswe sana na asipigwe na baridi. Kidonda kilikuwa bado kibichi. Nikaanza kuhesabu njia zilizopo. Basi la Kibosho unalijua, linapanda likiruka kama panzi. Pikapu ndiyo hiyo ya kuuma kanga. Nilikuwa bado nawaza pale kando ya kitanda, Mama akafumbua macho.

"Nitapanda na gari la Aloyce."

"Mama, lile ni bovu."

"Si bovu. Linachemka tu."

Ni kweli, hakuna gari laini kama lile. Yule mzungu wa shamba la kahawa alipokuachia wakati anaondoka, alikwambia lilitengenezwa kwa barabara za Marekani, zilizonyooka kama rula. Silinda nane, viti kama makochi, na sauti inayofanya kuku wa Kiboriloni wakimbilie chini ya meza za nyanya. Lakini kwenye mlima wetu, nguvu yote ile iligeuka joto. Rejeta yake ilikuwa ndogo kwa injini ile, na ilizeeka. Kila tulipopanda tulisimama pale pale, kwenye kona ya juu ya daraja, nyumbani kwa Bibi Veneranda, moshi ukitoka kwenye boneti kama tumepika pombe ndani.

Naikumbuka kona ile kuliko ninavyokumbuka darasa nililosomea. Bibi alikuwa anasikia mngurumo tangu tukiwa chini darajani. Tukifika, ameshachota maji kwenye mfongo, ule mfereji unaopita nyuma ya nyumba yake, amesimama na ndoo. Anakwambia, "Aloyce, ng'ombe wako amekuja kunywa?" Nawe unamjibu, "Shikamoo Bibi, leo ana kiu kuliko mwenye ng'ombe." Halafu mnacheka kana kwamba maneno yale ndiyo yamesemwa mara ya kwanza duniani. Ndoo haikumwagwa mara moja. Ulinifundisha kwamba maji ya mlimani ni baridi, ukiyamimina kwenye injini iliyochemka chuma kinapasuka, kwa hiyo lazima kungoja. Basi tunangoja. Wewe unaingia kwake, unampa sabuni au kiberiti ulichopata kwa foleni mjini, unamtengenezea mlango wa zizi, unakula ndizi zake za kuchoma. Mimi nabaki kwenye gari na kitambaa cha kufungulia mfuniko, natazama saa, naona tunachelewa.

Na Mama asingeweza kungoja vile. Jua likishuka nyuma ya msitu, ukungu pale unaingia mpaka kwenye mifupa. Nilijiona nimesimama pembeni ya barabara na mgonjwa wa kupasuliwa, na gari linachemka, na sijui la kufanya. Usiku nililala na picha hiyo. Ulikuwa unasema, "Deo, wewe ukiona wingu unaanua na nguo za jirani." Nilianua nguo za kijiji kizima juma lile.

Jumamosi nilipanda kumwandalia Mama chumba. Nikaingia darini kwenye kibanda cha kahawa kutafuta mkeka mzuri, na nyuma ya mikeka nikaliona gunia. Lilikuwa zito. Nilipolifungua nilikuta rejeta ya lori, pana, nene, imeoshwa, matundu yake yamezibwa kwa matambara ili nyigu wasijenge. Kando yake vyuma vya kuishikia vimeshakatwa na kutobolewa, na bolti zimefungwa kwenye kipande cha shati lako la zamani, lile la mistari.

Nilikaa pale vumbini muda mrefu. Shati lile, Kaka.

Konda wa basi hakutaka kunishushia gunia lile bure, akaniuliza nimeua nani. Nikalifikisha Kiboriloni kwa Fundi Ramadhani, mle uani mwake ulimoliacha gari siku homa ilipokushika. Hajabadilika. Bado anaongea na injini na kuwanyamazisha watu. Alipoliona gunia alicheka kwanza, kisha akageuka akajifuta uso kwa kitambaa chenye grisi, akabaki na masharubu meusi mpaka jioni.

"Haya Karani," akasema, "vua hilo shati jeupe. Leo kalamu yako ina mdomo." Akanipa spana.

Sikufichi kitu. Nikimwaga maji ya zamani, nikifungua mipira, kila bolti iliyolegea niliona kama nakuvua wewe nguo. Tulipoitoa ile rejeta ndogo, Fundi alifuta masizi kwenye bati la mbele, akaniita kwa kidole. Kulikuwa na mistari imekwaruzwa kwa msumari, imenyooka, na vimisalaba vidogo mahali pa kutoboa.

"Huu ni mkono wa Aloyce," akasema. "Alishapima kila kitu. Vyuma amekata, bolti anazo, mimi nipo hapa na msumeno. Alikuwa anangoja nini?"

Mimi nilidhani najua. Nilidhani uliogopa kulikata gari lako. Na nitakwambia ukweli: nilifurahi. Maisha yangu yote nimekuona unapita gizani ukipiga mluzi, unavuka mto uliofurika, unabishana na wakubwa. Nikasema moyoni, kumbe na yeye. Nilishika msumeno wa chuma nikiwa na nguvu kidogo kwa sababu hiyo.

Fundi hakuridhika na mistari yako. Aliona umeisogeza rejeta mbele mno, akataka tuiweke nyuma ya bati, kazi iwe rahisi. Nikatoa rula yangu ya ofisini nikapima. Kutoka rejeta hadi kwenye feni hapakupita hata kidole changu cha mwisho.

"Inatosha," akasema Fundi.

"Na injini ikicheza kwenye mashimo?"

Akaangalia feni, akaangalia rejeta. Halafu akasema, "Haya, mmezaliwa nyumba moja." Tukakata kwenye mistari yako. Betri tukaihamisha ikakaa upande wa pili. Chini ya vyuma tuliweka vipande vya tairi ili rejeta isigongwe na mtikisiko, na ndani ya mpira wa maji wa chini Fundi aliingiza springi usije ukanywea na kubanana. Kava la feni alilitengeneza kwa debe la mafuta ya kula. Ukifungua boneti bado unasoma maandishi ya debe. Najua ungecheka.

Tulipomimina maji ilikunywa ndoo mbili nzima kama mtu aliyetoka jangwani.

Siku mbili tatu nililijaribu mjini, mpaka mkuu wetu wa ofisi akaniita. Aliniuliza kama ni kweli karani wake ana gari la kibepari. Nikamwambia ni la marehemu kaka yangu.

"Basi mwambie marehemu asiliegeshe mbele ya ofisi ya umma," akasema, akaendelea na chai yake.

Nimekufikishia ujumbe.

Siku ya kumrudisha Mama nilitandika kiti cha nyuma kwa mito mitatu na blanketi. Manesi walitoka kutazama gari. Mama aliingia polepole, akalala, akapapasa ngozi ya kiti kwa kiganja. Tukaanza. Mikono yangu ilikuwa imeshika usukani kama mtu anayening'inia mtini. Jicho moja barabarani, jicho moja kwenye mshale wa joto. Tukapita mashamba ya mahindi, tukaanza kupanda, migomba ikaanza. Mshale ukasogea hadi katikati. Ukasimama. Darajani nilibadilisha gia, injini ikanguruma ile ngurumo yako, nikangoja mshale upande kama ulivyopanda siku zote. Haukupanda. Kona ikafika, nikakata usukani, nikapita. Nikapita, Kaka! Nililia na kucheka pamoja. Nilisema kwa sauti, "Mama, halijachemka!"

Mama alikuwa ameinuka kidogo, anatazama kioo cha nyuma.

"Deo, umempita mtu na maji yake."

Nikatazama kwenye kioo. Bibi Veneranda alikuwa amesimama kwenye kona na ndoo. Tangu ulipoondoka gari halikuwahi kupanda mlima ule. Amesikia sauti yake kutoka darajani, akachota maji, akatoka.

"Mama, gari liko sawa, na daktari amesema baridi..."

"Nimekuuliza habari za gari? Hupiti mtu aliyesimama na maji. Rudi."

Mahali pa kugeuzia hapakuwepo. Kulia ukingo, kushoto mfongo, na gari lako refu kama jeneza la watu wawili, na mimi kurudi nyuma kwenye mteremko sijawahi. Siku ukinifundisha kule shambani ulisema, "Kurudi nyuma ni kwenda vilevile, ila unageuza shingo." Nikageuza shingo. Nililiachia kidogo kidogo, mguu unacheza kwenye breki, jasho linaingia machoni, Mama ananiambia "njoo, njoo" kama mtu anayeita ndama. Tairi moja likagusa ukingo wa mfongo. Nikasimama, nikasali, nikaendelea. Tulipofika kwenye kona, Bibi alikuwa bado hajaiweka ndoo chini.

"Shikamoo Bibi," nikasema.

"Marahaba. Nikadhani ng'ombe amepona, sasa hana haja na sisi."

Nilifungua boneti nimwonyeshe, kwa sababu sikujua la kusema. Nikaanza kumweleza rejeta, imetoka kwenye lori, ulikuwa umeiweka darini na kila kitu tayari, lakini hukupata nafasi ya kuifunga.

Bibi akanitazama. Akamgeukia Mama, wakaangaliana wale wazee wawili.

"Nafasi," Mama akasema. "Mtoto aliyemaliza kukata vyuma na kutoboa matundu. Miaka yote hiyo. Wewe Deo umesoma, lakini."

Hakumaliza. Bibi alikuwa ameinamisha kichwa, anasawazisha kata ndani ya ndoo.

"Watoto wangu wote watatu wako mbali," akasema Bibi, si kwangu, kwa ndoo ile. "Yeye alikuwa anasema, Bibi, gari hili halitapona leo wala kesho, usihame hapa."

Basi hukuogopa kukata bati, ulikuwa unamwachia Bibi ndoo yake. Nimelirudia hilo mara nyingi tangu siku ile. Furaha yangu ya kwa Fundi imekwisha, na sijui kwa nini siihuzunikii.

Jua lilikuwa bado lipo. Bibi alimwingiza Mama ndani kwa mkono, akamkalisha karibu na moto, wakaanza Kichagga chao cha taratibu. Mama hakupigwa na baridi, na kama daktari ataniuliza nitamwambia hivyo. Mimi nilibaki barabarani na ndoo iliyojaa na rejeta iliyojaa. Hapakuwa na pa kumimina. Nikanywa kata moja. Maji yale ni baridi kweli. Halafu nikafanya ulivyonifundisha: nikangoja chuma kipoe, bila kutazama saa. Kilipopoa nikafungua mfuniko polepole kwa kitambaa, nikamimina ndani kikombe kimoja tu, maji yakafika ukingoni. Bibi alikuwa mlangoni ananiangalia. "Amekunywa?" akauliza. Nikamwambia, "Amekunywa, Bibi."

Rejeta yako ndogo sikuitupa. Iko darini kwenye gunia lile lile, nimeziba matundu yake kwa matambara. Mlango wa zizi la Bibi umelegea bawaba, nimeuona, nitaleta misumari. Kila nikipanda nitasimama kwenye kona, lichemke lisichemke, na nitangoja kama ulivyongoja. Hilo nakuahidi, ingawa naogopa mashimo, na naogopa mkuu wa ofisi, na naogopa siku nitakayonguruma darajani asitoke mtu.

Jua linaondoka kwako, Mama ananiita nile mtori. Pumzika, Kaka. Kesho alfajiri nashuka kazini, na Jumamosi utanisikia kuanzia darajani.

Mdogo wako,
Deo