Ruhusa ya Sauda Imefika

Mpendwa kaka Twaibu,

Asalaam alaykum. Kwanza nakuuliza hali. U mzima? Mgongo umepata nafuu, au bado unalala chini kwenye mkeka kama zamani ulipokuwa ukirudi na lori kutoka Mombasa? Na hao jamaa wanaokuhifadhi huko Kenya, wanakuchukulia vizuri? Sisi huku Tororo tunapumua, alhamdulillah. Musa wangu amerefuka, sasa ananifika begani. Ami Juma bado anakwenda msikitini kila sala, ingawa magoti yanamgombeza. Sukari hatujaiona siku nyingi, lakini sukari si jambo la kuandikia barua.

Nakuandikia juu ya binti yako Sauda. Ruhusa yake ya kusafiri imefika.

Najua ukisoma hapo utaruka. Kaa kwanza, kaka. Soma yote.

Unaikumbuka ile siku ulipompakia kwenye lori mkaenda Mulanda kuchukua pamba? Alikuwa bado mdogo, miguu haifiki chini ya kiti. Ulimwacha apige honi njia nzima, watu wakatoka majumbani wakidhani ni harusi inapita. Mliporudi akauona mwamba wetu wa Tororo kwa mbali, akakuuliza, "Baba, jiwe lile nani aliliweka pale?" Ukamwambia Mungu alikuwa anapakua lori lake, moja likamponyoka. Naye akakujibu papo hapo, "Basi tanboi wake wa kupakua alikuwa mvivu." Ulicheka mpaka ukaegesha lori kando. Nilikuambia umkanye, mtoto asimtanie Mungu, ukasema, "Mwache, Mungu anajua sauti yake." Siku hizi nikisali nalikumbuka neno hilo. Kama anaijua sauti yake, basi ameisikia sana.

Naikumbuka pia siku ya kwanza kabisa, mkeo Aisha alipotutoka na kitoto hakijapata hata jina. Mimi nilikuwa na Musa titini. Nikampakata Sauda upande wa pili, akashika kwa nguvu kama anayegombania haki yake, na Musa akampiga teke. Wewe ulisimama mlangoni, machozi yanakudondoka kwenye kola, ukasema, "Basi sasa ana mama." Tangu hapo hajaniita shangazi hata mara moja.

Ndiyo maana yule daktari wetu Mhindi wa Kampala alipotuambia figo zote mbili zimesinyaa, na kwamba dawa ni kupandikizwa figo ya ndugu aliye hai, na kazi hiyo inafanywa Ulaya, sisi hatukusumbuka kufikiri. Alikuwa amekwisha kuandikiana na hospitali ya huko, wakakubali kumpokea. "Tafuteni nani atatoa," akasema, "na msikawie."

Tukakaa sebuleni. Wewe ulisema kabla hata chai haijamiminwa: "Mimi ndiye baba. Chukueni yangu."

Ami Juma akainua mkono. "Wewe ni dereva, Twaibu. Ukipasuliwa, nani ataendesha? Na tena maziwa ni damu. Hajara amemnyonyesha. Hata dini inamhesabu kuwa mama yake, Musa hawezi kumwoa huyu mtoto. Mungu amekwisha kuwaunganisha, nyinyi mnatafuta nini?"

Sote tuliona ni neno zito. Wewe mwenyewe uliinamisha kichwa ukasema, "Kweli, ami." Hakuna aliyekwenda kumuuliza daktari. Jambo lililo wazi, nani huliuliza? Karatasi za safari zikaombwa kwa jina langu na la mtoto.

Kisha likaja lile tangazo la redio, Wahindi wakaambiwa waondoke, na daktari wetu akiwa mmoja wao. Alituaga na sanduku lake moja mkononi, akanisisitiza nipimwe damu upesi. Nani wa kunipima? Mara mashine imekufa, mara dawa ya kupimia imekwisha, mara mpimaji mwenyewe amekimbia. Na ofisini Kampala karani ananiambia bila kuinua macho, "Mama, faili bado. Rudi."

"Nirudi lini, mwanangu?"

"Rudi tu."

Muda huo wote Sauda ananywa maji kwa kikombe kidogo cha kahawa, kimoja asubuhi na kimoja jioni, kwa amri ya daktari. Ramadhani ilipoingia nikamwambia wewe ni mtoto na tena mgonjwa, kufunga hukuhusu. Akaniambia, "Mama, mimi mbona nimefunga tangu Ramadhani ile nyingine? Mwambie Mungu aandike na hizo." Chakula chake hakitiwi chumvi, na siku chumvi ilipopotea mji mzima jirani zetu wakaja kumtania: "Leo sote tunakula kama wewe, bibie." Akafurahi! Aliwauliza kila mmoja, "Sasa mmeona?"

Damu yangu ilipopimwa mwishowe, ilichukuliwa hapa ikapelekwa Kampala. Majibu yaliporudi, daktari kijana wa hapa alinivuta kando. "Mama, damu zenu hazipatani. Figo yako mwili wake utaikataa."

Nikamwambia, "Nimemnyonyesha miaka miwili."

Hakunicheka, Mungu ambariki. "Maziwa yako yalimkuza, mama. Lakini hayakumbadilisha damu."

Niliporudi nikamweleza Ami Juma. Alivua kofia akaiweka gotini.

Na wewe wakati huo ulikuwa umekwisha kuvuka. Askari walilitaka lori, ukawapa. Kisha wakarudi kukutaka wewe. Simlaumu mtu aliyeokoa roho yake. Ulipopimwa huko, ukatuma habari kwamba damu yako inamkubali mtoto, nilisujudu palepale jikoni na unga mikononi. Nikadhani tumefika. Kumbe faili inaanza upya, na bila karatasi za Uganda hata ndege ya Kenya haimchukui mtoto. Karani ananiuliza, "Baba wa mtoto yuko wapi?" Nikisema yuko Kenya, basi wewe ni mtoro na sisi ni watu wa mtoro. Nikasema amesafiri. "Basi akirudi, aje aweke sahihi." Mtoto akawa anavimba, ananywea, anavimba tena, na mimi nasikiliza sentensi hiyo moja.

Jumatatu ruhusa ikaja. Sijui nani aliingiwa na huruma, sikuuliza. Nilikimbia nayo hospitalini, nimeacha mlango wazi na chungu motoni. Yule daktari kijana akaisoma, akaikunja, akanirudishia.

"Mama, moyo wake umechoka sasa. Ndege hataiweza. Na hata angefika, kisu hatakivumilia."

"Basi nifanye nini?"

"Mrudishe nyumbani. Kaa naye."

Kaka, nasema ni majaliwa, na ndivyo ninavyoamini. Lakini nikisema hivyo kinywa kinakubali na tumbo linakataa. Angekufa kwa ugonjwa usio na dawa ningelia nikanyamaza. Dawa ilikuwepo. Ilikuwa ndani ya ubavu wako, inatembea, inakula ugali, na hospitali iko tayari, kitanda kinamngoja. Na mtoto akafia njiani bila kutoka nyumbani. Nisamehe, nimeandika "akafia". Bado yuko hai. Yupo hapa karibu yangu, amelala na mkono wake umeshika kanga yangu, ndiyo maana mwandiko umepinda.

Jana aliniuliza, "Mama, Kenya ni mbali kuliko Ulaya?"

Nikamwambia, "Hapana, mwanangu. Kenya ni hapo tu."

"Basi mbona Baba haji?"

Nikamwambia ngoja nimwandikie.

Usije, Twaibu. Nakuomba kwa haki ya mama yetu, usije. Juzi tu kwenye kizuizi yule askari mrefu alinisimamisha: "Wewe mama, ile ndugu yako ya lori nakuja lini?" Anacheka, lakini jicho halicheki. Wakikukamata mtoto atakuona unapigwa, na hilo ndilo atakaloondoka nalo.

Safari anayoiweza Sauda ni ya hapa mpaka Busia, mpakani. Mama Nekesa, anayekuletea barua hii, unamjua, yule Msamia wa kuuza sabuni ambaye jiko lake liko Uganda na kitanda chake kiko Kenya. Amesema atambeba mgongoni kama mjukuu wake, apite naye uani, hakuna atakayemuuliza. "Mimi hupita na magunia," anasema, "huyu mtoto ana uzito gani?" Kweli, hana uzito.

Lakini nikuambie lote. Daktari anasema akienda, kurudi hatarudi. Safari moja mwili utaivumilia, ya pili hapana. Akivuka atakufa kwako, mikononi mwako, na atazikwa huko kwenye udongo wa wageni, mbali na mama yake. Akibaki atazikwa hapa. Ami Juma amekwisha kwenda makaburini kusafisha mahali kando ya Aisha. Alikwenda peke yake, akarudi na majani kwenye suruali. Nilipomuuliza tufanye lipi, akasema, "Mimi sisemi tena. Mwulizeni baba yake."

Mimi nikiulizwa moyo wangu, nataka afie hapa alipo, kifuani pangu, mahali alipoanzia. Lakini yeye hanitaki mimi sasa, anakutaka wewe. Na sijui lipi ni jema zaidi, akuone kisha alale peke yake ugenini, au alale kando ya Aisha, ameondoka akiuliza mbona huji. Nimesali istikhara, sikuoneshwa kitu. Labda kwa kuwa si langu kuamua.

Wote wanakusalimu. Musa anasema ukitaka amsindikize Sauda kuvuka, atakuja. Mungu akufunike popote ulipo, akupe nguvu ya kusoma hii mpaka mwisho.

Mama Nekesa atakaa kwako mpaka uandike. Huna haja ya maneno mengi, andika tu nimlete au nimwache. Kwa ajili ya Mungu, kaka, nijibu upesi.

Ni mimi dada yako, mama wa Sauda kwa maziwa,
Hajara