Jina la Ziada Katika Daftari Langu

Mjukuu wangu Dezire,

Huku Bugarama tuko wazima, mpunga umekomaa, na mama yako anakusalimu sana. Umeniandikia kwamba mashine zenu huweka kila habari katika nakala tatu, na moja ikitofautiana na zile mbili, zinaisahihisha zenyewe. Unauliza naonaje.

Naogopa. Orodha ya watu wa mashamba yetu ya mpunga ilikaa katika madaftari matatu: langu, la kanisa na la msikiti. Vita vilipotulia tuliyasoma pamoja kwa sauti. Langu lilikuwa na jina la ziada, Furaha, kwa mwandiko wangu mwenyewe, nami sikumkumbuka hata kidogo.

"Futa tu, Papa," wakasema wenzangu wa kanisa na msikiti. "Hakuna muntu kama uyo."

Nilishika kalamu nimfute. Nikawauliza yao waliyaandika lini. Kumbe yote mawili yaliungua, wakakaa pamoja kuyaandika upya kwa kukumbuka.

Nikaweka kalamu chini. Wiki iliyofuata msichana alivuka daraja kutoka Bukavu, akasimama mlangoni pangu.

"Miye Furaha. Mulinisahau?"

Baba yako alimwoa. Ndiye anayekusalimu hapo juu, na hadi leo hajui kwamba nilishika kalamu.

Koko wako