Sindano ya Chaza

Alhamisi, Februari

Sikutaka kumwambia Mama habari za chaza. Lakini leo kanipigia simu kutoka Unguja, akauliza kazini nafanya nini hasa, nami nimechoka kumjibu kwamba ni makaratasi tu.

Nikamweleza kwamba maabarani tunawadunga chaza serotonini, kemikali inayopeleka ujumbe kwenye neva zao. Haipiti muda, madume hutoa mbegu, maji yakawa kama tui. Kisha majike humwaga mayai, maelfu kwa maelfu.

Mama akasikiliza hadi mwisho, kisha akauliza:

"Na wewe, mwanangu, hiyo dawa haikufai?"

"Mama, mimi si chaza."

"Najua. Nauliza tu."

Hakunikejeli. Aliuliza kama mtu aliyekwisha kumaliza dua zote. Mimi na mume wangu, Suleiman, mwaka wa saba huu tunatafuta mtoto, na jana daktari alituambia hana tena la kujaribu. Hilo sikumwambia.

Suleiman alikuwa jikoni, anasikia yote kwenye spika ya simu. Akaja, akaichukua simu mkononi mwangu.

"Shikamoo, Mama. Tuombee," akasema, na machozi yakamtoka.

Sikuwa nimepata kumwona akilia. Nilisimama tu pale, sijui nimshike yeye au niichukue simu.